BADILI MWENYEWE GOLOLI ZA GURUDUMU LA NYUMA



Je, baiskeli yako inalia? Sisemi kengele. Nasema gurudumu la nyuma. Ukipanda kilima unasikia krr, krr, krr chini ya keria. Ukilishika tairi kwa mkono na kulisukuma kando, gurudumu linacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Ikiwa ni hivyo, gololi zimechakaa. Usiseme, "Aa, bado inatembea." Mimi nilisema hivyo hivyo, na siku moja yakanikuta. Habari hiyo nitaieleza huko mbele, maana ndani yake limo somo la hesabu. Kwanza tuielewe kazi yenyewe.

Kazi hii unaweza kuifanya nyumbani, chini ya mwembe, asubuhi moja. Fundi aliyezoea huimaliza upesi. Wewe mara ya kwanza usishindane naye.

GOLOLI ZINAFANYA KAZI GANI?

Tazama katikati ya gurudumu. Pana chuma cha mviringo ambacho spoku zote zimeshikwa hapo. Mafundi hukiita habu. Ndani ya habu imepita ekseli, yaani kile chuma kirefu chembamba kinachotokeza pande zote mbili. Ekseli imefungwa kwenye fremu kwa nati. Yenyewe haizunguki. Kinachozunguka ni habu pamoja na gurudumu lake.

Sasa fikiri. Chuma kikizunguka juu ya chuma, vitasuguana, vitapata moto, vitalika. Ndiyo maana huwekwa gololi katikati. Jaribu jambo hili: weka kitabu kizito juu ya meza, kisukume kwa kidole. Kinagoma. Kisha weka penseli tatu za mviringo chini yake, usukume tena. Kinakwenda chenyewe. Penseli zimefanya kazi ya gololi.

Kila upande wa habu kuna kikombe cha chuma kigumu. Na kwenye ekseli kuna koni mbili, moja kila upande. Gololi hukaa kwenye duara, kati ya kikombe na koni. Hapo ndipo uzito wote unapopita: wewe, mzigo wako, na mtu uliyempakia.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1869 Mfaransa mmoja, Jules Suriray, alipata hati ya kulinda ubunifu wake wa kutia gololi kwenye magurudumu ya baiskeli. Mwaka 1883 Mjerumani Friedrich Fischer, wa mji wa Schweinfurt, akatengeneza mashine ya kusaga gololi za chuma ili ziwe mviringo kamili na zote ziwe za ukubwa mmoja. Hilo la ukubwa mmoja ulishike, tutalirudia.

Kwa nini gurudumu la nyuma huharibika kabla ya lile la mbele? Kwa sababu keria iko nyuma, kiti kiko karibu na nyuma, na cheni inavuta upande mmoja wa nyuma. Gurudumu la mbele, kwa kweli, linatembea tu na kuonyesha njia.

Wengine wataniuliza kuhusu gari. Gari nalo lina gololi au vyuma vya kuviringika kwenye magurudumu yake, na watu huviita beringi. Lakini kwenye magari mengi beringi ya nyuma imeshindiliwa ndani kwa nguvu ya mashine, na gari lenyewe likianguka kutoka kwenye jeki linaua mtu. Hiyo mwachie fundi wa gereji. Tubaki na baiskeli: Phoenix ya China, Hero au Avon ya India, au ile Raleigh ya zamani ya Uingereza aliyokuachia babu. Zote hizi ndani ya habu hufanana sana.

PIMA KABLA YA KUFUNGUA

Pindua baiskeli, isimame kwa kiti na usukani. Shika tairi la nyuma kwa juu. Lisukume kushoto, lisukume kulia, bila kulizungusha. Likicheza na kugonga, ama koni zimelegea ama gololi zimekwisha.

Sasa lizungushe. Kama linayumba linapozunguka tu, lakini likisimama halichezi, basi ugonjwa si gololi. Ni rimu iliyopinda au spoku zilizolegea. Usifungue habu kwa sababu ya rimu.

Sikiliza pia. Ukiacha kupiga pedeli na baiskeli ikateremka yenyewe, unasikia tik tik tik. Hiyo ni friwili, na ndivyo inavyotakiwa kulia. Friwili ina gololi zake ndogo sana, nyingi. Tafadhali usiifungue. Nimewaona watu wazima wametambaa chini na tochi usiku kutafuta gololi za friwili.

VIFAA

Tafuta spana ya nati za ekseli. Baiskeli nyingi hutumia namba 15, lakini pima kwanza, maana za zamani hutofautiana. Tafuta pia spana nyembamba ya koni. Spana ya kawaida ni nene, haiingii kwenye mdomo wa koni. Kama huna, azima kwa fundi, au mnunue moja na jirani zako watatu au wanne, kwani hamtaitumia siku moja wote.

Andaa mafuta ya taa kikombe kimoja, matambara safi, kijiti, sinia lenye ukingo, grisi, na gololi mpya. Na daftari na kalamu. Ndiyo, daftari! Utaona.

Petroli usitumie. Inashika moto upesi mno, na jiko la mama haliko mbali. Hata mafuta ya taa uyaweke mbali na moto na mbali na watoto. Kuku nao wafukuze. Kuku akiona kitu kidogo kinang'aa hakiulizi jina lake.

HABARI YA 1/4 NA 3/16

Hapa ndipo niliposema nitaeleza.

Mwaka ule nilikuwa nimepata cheti changu cha kisomo. Nilijua kusoma, nilijua kuandika, nilijua kujumlisha. Gurudumu langu la nyuma likaanza kulia. Nikaenda dukani kununua gololi. Muuzaji akaniuliza, "Kaka, unataka robo au tatu kwa kumi na sita?"

Nikaona haya kusema sijui. Nikatazama pakiti zake mbili. Moja imeandikwa 1/4. Nyingine imeandikwa 3/16. Nikajisemea moyoni: 3 ni kubwa kuliko 1, na 16 ni kubwa kuliko 4. Gurudumu la nyuma linabeba mzigo, basi linataka gololi kubwa. Nikamwambia, "Nipe hizo za kumi na sita." Nikatoka dukani kichwa juu.

Nyumbani nikafungua habu, nikamwaga gololi za zamani bila kuzihesabu wala kuzilinganisha na mpya. Nikajaza zile nilizonunua mpaka duara likaenea. Koni nikaikaza mpaka ndani kabisa. Gurudumu likazunguka! Nilifurahi kama mtu aliyepata ng'ombe.

Baada ya wiki chache mama yangu mzazi akashikwa na homa kali usiku. Alfajiri nikampakia kwenye keria, mke wangu akimshika kwa nyuma huku anatembea, tukaelekea zahanati. Tulikuwa katikati ya njia, panapoanza mteremko, nikasikia krak. Gurudumu likagoma. Halirudi nyuma, haliendi mbele. Mama akateleza, bahati mke wangu akamdaka. Tukakaa pale kando ya barabara, mama anatetemeka, mimi nimeshika spana na sijui nifungue nini. Watu wa kijiji cha jirani ndio waliotuokoa. Walileta kitanda cha kamba, watu wanne wakambeba mpaka zahanati. Alitibiwa, akapona. Lakini muda ule tuliokaa chini nauona mpaka leo.

Nikaipeleka baiskeli kwa mzee mmoja fundi, nimeibeba begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakutilia gololi hizi?"

"Mimi mwenyewe."

Akacheka kidogo, wala si kwa kunidharau. Akasema, "Umetia gololi za mbele katika habu ya nyuma. Ndogo mno. Koni imekwenda kukaa pasipo pake, gololi zimevunjika, vipande vimekwama."

"Lakini mzee, nilichukua zile kubwa. Zile za kumi na sita."

Akaniangalia. Akamwita mjukuu wake alete muwa. Akaupima ukapata urefu wa mkono. Akasema, "Huu muwa ndio inchi moja. Ukate vipande 4 vilivyo sawa. Nikikupa kimoja, nimekupa robo. Ndiyo 1/4. Haya. Sasa chukua muwa mwingine kama huu, ukate vipande 16. Vitakuwa vikubwa au vidogo?"

"Vidogo."

"Nikikupa vitatu katika hivyo, ndiyo 3/16. Ungependa kula upi?"

Hapo nikaelewa. Namba ya chini si ukubwa wa kitu. Ni idadi ya vipande muwa ulivyokatwa. Muwa ukikatwa vipande vingi, kila kipande kinakuwa kidogo. Na tukitaka kulinganisha sawasawa, robo moja ya muwa ni vipande 4 katika vile 16. Kwa hiyo:

1/4 ni sawa na 4/16.
4/16 ni kubwa kuliko 3/16.

Basi ndugu msomaji, shika hivi. Baiskeli hizi za kijijini, nyuma hutumia gololi za 1/4, gololi 9 kila upande. Mbele hutumia gololi za 3/16, gololi 10 kila upande. Nyuma utahitaji 9 na 9, jumla 18. Nunua 20 za pakiti moja, mbili ziwe akiba ya kupotea.

Na kama pakiti haina maandishi? Kunjua daftari lako katikati, panga gololi 10 kwenye mkunjo, zigusane. Pima kwa rula ya shule. Gololi 10 za 1/4 zitafika sentimita 6 na milimita 3 na nusu. Gololi 10 za 3/16 hazifiki sentimita 5. Muuzaji akikushangaa, mwache ashangae.

Kila habu ina tabia zake, hivyo za kwako za zamani ndizo shahidi wa mwisho. Nenda nazo dukani. Chagua ile isiyolika sana, uilinganishe. Baiskeli nyingine huwa na gololi zilizoshikwa kwenye kikapu cha bati, na hizo huwa chache. Hapo nenda na kikapu chenyewe.

KUTOA GURUDUMU

Baiskeli imepinduliwa. Legeza nati mbili za nje, moja kila upande. Hapa watu wengi huharibu. Kwenye ekseli kuna vitu vingi vimepangwa: nati, washa, mguu wa keria, waya wa madgadi, stendi, kikaza cheni. Vikitoka vyote kwa pamoja vinakuwa fumbo. Basi chukua daftari, uandike kila kitu kinavyotoka, upande wa kushoto peke yake na upande wa cheni peke yake. Mfano:

KUSHOTO: 1 nati. 2 washa. 3 mguu wa keria. 4 waya wa madgadi. 5 fremu.

Baiskeli yako si lazima iwe na mpango huu. Andika ule unaouona. Wakati wa kurudisha utasoma kutoka namba ya mwisho kwenda namba ya kwanza. Mke wangu yeye haandiki, huvitunga kwenye uzi kama ushanga, na hajawahi kukosea.

Kama breki ni za vyuma, legeza bolti inayoshikilia kiatu cha breki ili kipishe rimu. Toa cheni kwenye meno, vuta gurudumu litoke.

KUFUNGUA HABU

Laza gurudumu juu ya sinia. Fungua upande wa kushoto tu, upande usio na cheni. Shika koni kwa spana nyembamba, na kwa spana nyingine fungua nati inayoibana. Toa nati, toa washa, kisha zungusha koni mpaka itoke. Upande wa friwili usiuguse. Ile koni ya huko ibaki mahali pake kwenye ekseli, maana ndiyo itakayokuonyesha ekseli ikae wapi siku ya kurudisha. Ukifungua pande zote mbili, ekseli itatokeza sana upande mmoja na kukosa nati upande wa pili.

Sasa vuta ekseli polepole itokee upande wa friwili. Gololi zitaanza kuanguka kwenye sinia. Zilizong'ang'ania ndani kwa sababu ya uchafu zisukume kwa kijiti. Kile kifuniko chembamba cha kuzuia vumbi kiache mahali pake, gololi zinapita katikati yake. Zihesabu. Zikiwa 18, vizuri. Zikiwa 16, basi ama mbili zimo ndani bado ama fundi aliyepita alikuibia mbili.

OSHA, KISHA TAZAMA KWA MAKINI

Lowesha tambara kwa mafuta ya taa, safisha vikombe, koni na ekseli mpaka chuma king'ae. Yale mafuta machafu yakibaki usiyarudishe kwenye taa, na usiyamwage karibu na kisima.

Tazama koni. Utaona mstari unaong'aa umeizunguka. Huo ni wa kawaida, ni njia ya gololi. Lakini ukiona vishimo kama makovu ya ndui, koni imekufa. Macho yakikataa, tumia ncha ya kalamu. Ipitishe polepole juu ya ule mstari. Ikiteleza, koni ni nzima. Ikikwama, nunua nyingine. Fanya vivyo hivyo ndani ya vikombe. Kikombe kikiwa na vishimo, hapo nenda kwa fundi, kwa kuwa kukitoa ni kazi ya nguvu, na mara nyingine ni nafuu kununua habu nzima.

Ekseli nayo iviringishe juu ya meza iliyonyooka. Ikiruka ruka, imepinda. Ekseli iliyopinda itakula gololi mpya kama ilivyokula za zamani. Usiinyooshe kwa nyundo.

Vipi kuhusu gololi? Badili zote. Wengine husema, "Hizi tano bado nzuri, nitaongeza nne mpya." Hapana. Gololi ya zamani imelika, hata kama jicho halioni. Ukizichanganya, zile mpya zinakuwa ndefu kuliko wenzake, na uzito wote wa gurudumu unakaa juu ya hizo nne. Ni kama kubeba jeneza watu wanane, wanne warefu na wanne wafupi. Wafupi wanagusa tu. Ndiyo sababu yule Fischer alihangaika na mashine yake.

GRISI

Paka grisi ndani ya kikombe cha upande wa friwili, ya kutosha, ijae njia yote ya gololi. Itumike grisi ya kweli. Mafuta ya kupikia yanaganda na kushika vumbi. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ina chembe za chuma, nayo itasaga gololi zako usiku na mchana. Sabuni usiniambie.

Bandika gololi moja moja kwenye grisi, ukihesabu kwa sauti: moja, mbili, mpaka 9. Kukihesabiwa kwa sauti huhesabiwi mara mbili. Itabaki nafasi ndogo. Usilazimishe ya kumi. Gololi zinahitaji kupumua kidogo, zikibanana zitasuguana zenyewe kwa zenyewe.

Ingiza ekseli kutoka upande huo wa friwili mpaka koni yake ikalie gololi. Sasa ishike ekseli kwa nguvu isirudi, geuza gurudumu upande wa kushoto uwe juu. Hapa mwite mtu akusaidie. Ekseli ikiteleza kidogo tu, gololi za chini zinaanguka na unaanza upya. Paka grisi kikombe cha kushoto, panga 9 nyingine kuizunguka ekseli. Kisha zungushia koni kwa vidole mpaka iziguse gololi.

KUPIMA KOBANO

Hapa ndipo ufundi ulipo, na hapa usiharakishe hata kama wali unapoa.

Koni ikikazwa mno, gololi zinasagwa. Ikilegea mno, gurudumu linacheza na gololi zinagongwa. Ikaze kwa vidole mpaka gurudumu lisicheze, kisha irudishe nyuma kidogo sana. Weka washa, weka nati ya kubana. Shika koni kwa spana nyembamba isizunguke, kaza nati juu yake. Jaribu. Mara nyingi utakuta nati imeisukuma koni na kubana zaidi. Legeza, rudia. Mimi hurudia mara tatu au nne, na fundi yule mzee naye hurudia.

Je, utajuaje kuwa imekaa sawa? Shika ncha za ekseli kwa mikono miwili, inua gurudumu. Ekseli ukiizungusha kwa vidole iwe laini, isikwaruze. Kisha weka ule mdomo wa kujazia upepo uwe pembeni, usawa wa ekseli, uachie gurudumu. Likiwa zuri, mdomo ule utashuka wenyewe mpaka chini kwa uzito wake mdogo, na gurudumu litabembea kidogo kabla ya kutulia. Lisiposhuka, umekaza mno. Ukishika rimu na kuisukuma kando, inaruhusiwa kucheza kwa kiasi cha kuhisi tu, si kwa kuona.

Nati ile ya kubana usiisahau wala usiiache nusu nusu. Koni isiyobanwa na nati yake hugeuka njiani, na ikijikaza yenyewe, gurudumu linagoma kama langu.

KURUDISHA

Fungua daftari, soma orodha yako kinyume. Cheni irudi kwenye meno. Vuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikazike, lakini ukiibonyeza katikati iweze kucheza kama sentimita moja na nusu hivi. Tazama tairi likae katikati ya fremu, lisiguse upande wowote. Kaza nati za nje kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka zikaze kabisa. Rudisha breki. Ijaribu breki kabla hujapanda, siyo mteremkoni.

Siku ya kwanza tembea bila mzigo. Baada ya siku tatu au nne lishike tena tairi, lisukume kando. Likianza kucheza, kaza koni kidogo, maana vitu vipya hukaa mahali pake. Baada ya hapo fungua na kubadili grisi mara moja kwa mwaka, masika yakiisha. Lakini ukivuka mto na maji yakafunika habu, usingoje mwaka. Maji yakiingia grisi inageuka kama uji, na kutu inaanza. Habu nyingine zina kitundu kidogo katikati kilichofunikwa kwa kipete cha bati. Zungusha kipete, tia matone machache ya oili safi, funika.

Gololi za zamani zitupe chooni au zifukie. Mtoto mdogo humeza.

Mimi kwenye mfuko wangu wa spana nimetia kipande cha karatasi, nimekifunga kwenye nailoni kisiloe. Nimekiandika kwa mkono wangu mwenyewe:

NYUMA: 1/4. Tisa na tisa.
MBELE: 3/16. Kumi na kumi.